Kifaru Huyu, Kifaru Hiki

Jeshi la Shirikisho lilikuwa na kanuni nyingi, lakini askari waliheshimu moja tu bila kusukumwa: usikipe kifaru jina la Simba. Cha kwanza kuitwa hivyo kilijinyoosha kivulini kikingoja vifaru vya kike vikiwindie, na kwa kuwa kiwandani hakuna aliyewahi kufikiria kutengeneza vifaru vya kike, vita vya siku ile vilipiganwa kikiwa kimelala. Cha pili kilinguruma vizuri sana, hadi wageni wa heshima wakapiga makofi. Baada ya hapo nacho kikalala.

Ndiyo maana kulikuwa na Ofisi ya Majina. Ilikuwa chumba kimoja juu ya stoo ya matairi, na ndani yake aliketi Luteni Usu Zawena Mkwizu, binti mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliyeingia jeshini moja kwa moja kutoka shule ya bweni na barua mbili mkononi. Moja ilimsifu kwa Kiswahili chake. Nyingine ilikuwa onyo la mwisho. Jeshi lilizisoma zote mbili likaona huyu ndiye.

Kazi ilikuwa nzito kuliko chumba. Vifaru hivi havikuwa na dereva wala mpiga mzinga, na ubongo wake haukuandikiwa amri. Ulisomeshwa lugha nzima, kuanzia hotuba hadi matusi, kisha ukaachwa kimya mpaka mtu asimame mbele yake na kutamka jina. Hapo chombo kilikusanya kila ambacho Kiswahili kimewahi kusema juu ya jina hilo, kikawa hicho. Nyati kilikwenda mbele na kukataa kurudi hata kilipobembelezwa. Kapteni mmoja aliyekulia kwenye michezo ya kompyuta alisisitiza jina la Kisasi, na kifaru hicho kikashinda asubuhi nzima kikimtafuta aliyekikosea, kikamkuta yule mpaka rangi wa karakana. Mpaka rangi alipona, ila hakushika brashi tena. Kapteni huyo huyo akaleta Dhoruba ya Chuma. Kilitisha mno kwa muda mfupi, halafu kikatulia kabisa, kama anga baada ya mvua.

"Mimi nimechoka na ushairi," alisema Brigedia Ngaiza siku alipopanda ngazi za stoo kwa miguu yake mwenyewe. "Kifaru kipya cha upelelezi kitaitwa Kifaru. Basi."

"Afande, hiyo ni kama kumwita mbwa Mbwa," alisema Zawena.

"Mbwa wangu anaitwa Mbwa."

"Na anaitika, Afande?"

"Anaitika kuliko ninyi."

Mjadala ukafungwa. Zawena akaandaa sentensi ya kuamshia, ambayo haikuwa imebadilika tangu kuanzishwa kwa ofisi: *Kifaru hiki ni fulani. Kimeamka leo. Kitatii.* Wakati anaifanyia mazoezi karakanani, Koplo Elipokea, fundi mitambo mwenye mikono myeusi kwa grisi na mdomo usio na breki, alichungulia kutoka chini ya kifaru kipya.

"Afande, samahani. Kifaru huyo ni mnyama au ni chombo?"

"Unauliza nini?"

"Nauliza ngeli. Kama ni chombo, sema hiki. Kama ni yule wa porini mwenye pembe, ni huyu. Sasa mkubwa kampa jina la yule wa porini. Utasemaje?"

"Nitasema kama ilivyoandikwa."

"Najua. Mbele ya brigedia huwezi kusema vingine."

Neno "huwezi" ndilo lililompatia Zawena lile onyo la mwisho shuleni. Elipokea hakulijua hilo. Aliendelea kukaza nati yake kwa amani.

Gwaride likapangwa asubuhi. Bendi ikapiga, bendera zikapepea inavyotakiwa, na Brigedia Ngaiza akatazama saa yake mara mbili. Zawena akasimama mbele ya kifaru, akakaza uso kama kiranja anayesoma majina ya waliochelewa, akatamka kwa sauti ya paredi:

"Kifaru huyu ni Kifaru! Ameamka leo! Atatii!"

Nyuma ya safu mtu alikohoa sana. Brigedia hakugutuka. Alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono kwa ajili ya saluti.

Vifaru vyote vya Shirikisho, tangu cha kwanza, vilipoamka vilisema neno moja tu: "Tayari." Hiki kilinyamaza. Taa zake za mbele ziliwaka, zikafifia, zikawaka tena, kama mtu anayepepesa macho. Kisha sauti ikatoka, changa na yenye adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Brigedia.

Bendi ilisita. Brigedia akabaki na mkono hewani, akitafuta nani kamponza.

"Nani amejibu?"

"Wewe, Afande," alisema Zawena.

"Najua mimi nimejibu! Nani amesalimia?"

Zawena akageuka akamtazama kifaru, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kuchekesha.

"Yeye, Afande."

*

Elipokea alitumia siku nzima akiwa ametumbukiza nyaya zake ubavuni mwa Kifaru, akatoka na maelezo ambayo Meja Lutengano Mwakatobe, mkuu wa kambi, aliyasikiliza akiwa amesimama kwa sababu alihisi akikaa yatakuwa ya kweli.

"Ni hivi, Afande. Jina linachagua tabia. Hiyo tunaijua. Kumbe kile kiambishi nacho kinafanya kazi. Ubongo umesomeshwa lugha yetu, na lugha yetu kabla haijasema kitu kinafanya nini, inauliza kwanza: ni mtu au ni kitu? Miaka yote tumewaambia ni kitu. Wakakubali. Huyu kaambiwa si kitu."

"Kwa hiyo ndani yake kuna nini?"

"Sijui kuna nini. Ila amenikataza kumchokonoa upande wa kushoto, anasema anatekenyeka."

Meja akamgeukia Zawena. "Kirudishe."

"Ni sentensi moja tu, Afande. Niiseme upya kwa *hiki*. Lazima iwe sauti yangu, maana kwa habari za jina anamsikiliza aliyemwamsha peke yake."

"Basi iseme."

"Nitaisema, Afande."

Hakuisema siku hiyo. Iliyofuata kulikuwa na mvua, na Kifaru alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kwenye tope, akapewa, na ilionekana ni utovu wa adabu kumkatiza mtu anapooga. Baadaye ilionekana hakuna haraka. Alikuwa na tabia zote za jina lake: macho yasiyoona mbali, hasira za ghafla, chuki isiyoelezeka dhidi ya wapiga picha. Alicheza drafti na walinzi wa getini, wao wakimsogezea kete, na akishindwa alinuna mpaka chakula cha jioni, ingawa hali chakula. Aliwasalimia wote. Askari wa kambi, ambao hawakuwa wamesalimiwa kwa heshima na chochote kile tangu waajiriwe, walianza kupitia njia ya karakana bila sababu.

"Nikuite nani?" alimwuliza Zawena siku moja.

"Afande."

"Afande ni cheo, hata Meja ni Afande. Nauliza nikuite nani."

Zawena alifikiri. Kitabu cha kanuni hakikuwa na neno juu ya hilo.

"Niite dada."

Meja naye, aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama sentensi imeshasemwa, aliacha kuuliza. Elipokea alidai amemkuta ameegemea mnyororo wa Kifaru, anamsimulia habari za shemeji zake, na Kifaru anaguna panapostahili kugunwa.

*

Kisha adui wa Ng'ambo wakafungua malango ya bwawa lililo juu ya Bonde la Ikwese.

Katikati ya bonde hilo kulikuwa na nyumba ya pampu, na ndani yake askari wanane wa Shirikisho chini ya Sajini Khadra Mbonde, wawili wakiwa majeruhi. Bonde lilikuwa linajaa. Kati ya nyumba hiyo na mlima iliko kambi kulikuwa na uwanda mmoja tu ulioinuka kidogo, na uwanda huo droni za adui zilikuwa zimeumwagia mabomu ya kutegwa, yakazama ndani ya nyasi kama mbegu. Helikopta zilizojaribu kusogea zilirudishwa kwa makombora. Vifaru vingine vyote vilikuwa mpaka wa kaskazini, vikifanya ambacho majina yake yaliviruhusu.

Meja Mwakatobe aliweka redio ya upepo juu ya boneti ya gari, sauti ikasikika na wote waliosimama pale kwenye ukingo.

"Meja, maji yapo magotini," alisema Sajini Mbonde. "Mkichelewa tutakuja wenyewe kwa kuogelea, na nakukumbusha mimi natoka Dodoma, maji ninayoyajua ni ya kwenye ndoo."

"Vumilia, Sajini. Tunafungua njia."

Meja akamwendea Kifaru. Alisema naye kama anavyosema na askari, jambo ambalo baadaye alijilaumu kwalo.

"Kifaru. Utakwenda moja kwa moja hadi nyumba ya pampu. Mabomu utakayoyakanyaga ndiyo yatakayokuwa yametoka njiani. Wao watarudi juu ya alama zako."

"Nitalipuka, Afande?"

"Huenda."

Kifaru akamgeuzia taa Elipokea. "Huenda kiasi gani?"

Elipokea alijikuna shingoni. "Wewe ni wa upelelezi, bwana. Tumbo lako jembamba. Machache ya kwanza utayamudu. Likikupata moja katikati, ubongo uko hapo hapo."

"Basi sitaki," alisema Kifaru.

Jeshi lilikuwa limeshasikia neno hilo mara nyingi kutoka kwa watu, na lilikuwa na utaratibu wake: mkanda unavuliwa, mtu anapelekwa mahabusu. Hakuna aliyejua mkanda wa Kifaru uko wapi.

"Hii ni amri," alisema Meja.

"Nimesikia, Afande. Naomba radhi. Sitaki."

Meja akavua kofia, akaivaa tena. "Sawa. Anayejitolea kwenda kwa miguu na kifaa cha kutegulia."

Mkono mmoja ukapanda, wenye grisi.

"Wewe ni fundi, Koplo."

"Ndiyo maana, Afande. Hao wengine hawajui hata waya upi ni upi."

"Kwa mkono itachukua muda gani?"

Elipokea alitazama maji, akatazama uwanda, akaanza kufunga upya kamba za buti. Meja hakurudia swali. Alimvuta Zawena pembeni.

"Luteni. Sema ile sentensi."

"Afande, niruhusu nimwulize mimi kwanza."

"Ameshaulizwa."

"Ameamriwa, Afande. Hakuulizwa."

Meja akatazama maji. "Nenda. Upesi."

*

Kifaru alikuwa amejiegesha nyuma ya kichuguu, kana kwamba mtu wa ukubwa wake anaweza kujificha nyuma ya kichuguu.

"Dada. Umekuja kuniambia au kuniuliza?"

"Kukuuliza."

"Nimeshajibu."

"Kuna watu wanane kule chini."

"Nawasikia redioni. Yule Sajini anachekesha. Ningependa kumfahamu."

"Usipokwenda, Elipokea anakwenda. Atateguliwa yeye badala ya mabomu, unajua hilo?"

"Elipokea ameinua mkono wake mwenyewe."

"Ulisema utatii."

"Nani alisema?" Hakupandisha sauti. "Ulisema wewe. *Atatii.* Mimi hata nilikuwa sijaamka. Wale wenzangu ukiwaambia *kitatii*, umeeleza tu kilivyo. Mimi ulinitolea ahadi, dada, na hukuniuliza."

Zawena alikaa chini, mgongo kwenye mnyororo wake. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua.

"Ulikuwa mzaha," alisema. "Elipokea alisema siwezi."

"Ulidhani hakutakuwa na mtu."

"Ndiyo."

"Mimi sikulaumu. Bila mzaha wako nisingekuwepo." Taa zake zikafifia kidogo. "Lakini nipo, na naogopa. Sina sababu nyingine kubwa zaidi. Nimetafuta nyingine ili nisionekane vibaya, sijaipata."

"Hata mimi ningeogopa."

"Ungekwenda?"

Zawena alitaka kusema ndiyo. Alijipima kwa haki, kama anavyosahihisha mtihani wa mtu mwingine. "Sijui."

"Basi tuko sawa."

"Ukikubali," alisema Zawena, "utakwenda ukiwa wewe. Utachagua pa kukanyaga, utasikia chini yako. Unaweza kurudi, na ukirudi unarudi wewe, na Meja anaendelea na habari za shemeji zake. Nitakuandikia cheo. Nitakupa jina lako peke yako, si la kabila zima la vifaru."

"Na nikikataa?"

Redio ilikoroma kule ukingoni. Sauti ya Sajini Mbonde sasa haikuwa na utani ndani yake. "Meja, yamefika kifuani. Majeruhi tumewalaza juu ya mtambo. Kijana mmoja ameanza kusali kwa sauti, na mimi namwacha asali."

"Dada. Na nikikataa?"

Zawena aligeuka kutazama uwanda.

"Basi hukuja kuuliza," alisema Kifaru.

Kule mbele Elipokea alikuwa ameshamkabidhi mtu simu yake na funguo za karakana. Alipiga hatua ya kwanza kuingia kwenye nyasi, akachuchumaa, akapapasa. Akapiga ya pili. Uwanda ulionekana mrefu kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Zawena alisimama, akazunguka mbele, akasimama mahali ambapo mtu husimama kwenye sherehe. Hapakuwa na bendi.

"Itauma?" Kifaru aliuliza.

"Sijui."

"Wale wengine wanajuaje kama..."

"Hakuna wa kujua."

"Dada, ngoja basi nimalizie kitu kimoja, nilikuwa nataka..."

"Kifaru hiki ni Kifaru," alisema Zawena.

"Dada!"

"Kimeamka leo." Sauti yake ilikatika, na kwa kuwa ubongo ule ulihitaji neno litamkwe kikamilifu, ilimbidi arudie. "Kimeamka leo. Kitatii."

Taa za kifaru zilizimika, zikawaka. Hazikupepesa.

"Tayari," kilisema.

*

Walimrudisha Elipokea kwa kelele na filimbi. Kifaru kilimpita bila kupunguza mwendo, kikashuka uwandani kwa mstari ulionyooka kama ulivyochorwa kwenye ramani. Bomu la kwanza lililipuka chini ya mnyororo wa kulia, la pili likang'oa kibao cha ubavuni. Moja lilikiinua upande mzima, kikarudi chini kwa kishindo na kuendelea na safari. Halikutokea lolote la katikati. Hiyo ilikuwa bahati tupu, na ripoti ya Meja iliyopelekwa makao makuu iliiita ubora wa mpango.

Kilifika nyumba ya pampu maji yakiwa karibu na dirisha. Askari wakawatoa majeruhi wakawapandisha juu ya kifaru, waliobaki wakashikilia walipoweza kushika, kikarudi kwa njia ile ile, juu ya alama zake kilizoacha wakati wa kwenda. Wanane walikwenda chini bondeni juma lililopita, wanane wakapanda. Kambi nzima ilikuwa ukingoni. Watu walirusha kofia. Meja Mwakatobe alipiga kelele kama mtu anayeangalia mpira, kisha akakumbuka cheo chake akaenda kusimama nyuma ya gari, na hakutoka huko kwa muda.

Elipokea alikizunguka kifaru polepole, akigusa palipochanika. Alipofika upande wa kushoto aliingiza vidole vyake taratibu, pale alipokatazwa, akachokonoa. Akangoja. Akachokonoa tena. Kisha akatoa mkono, akaufuta kwenye suruali na kuondoka bila kusema kitu, yeye ambaye hajawahi kuondoka mahali bila kusema kitu.

Sajini Khadra Mbonde aliteremka wa mwisho. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa ucheshi, maji yakimchuruzika kutoka kwenye mikono ya shati, blanketi la mtu mwingine begani. Aliwahesabu watu wake kwa kidole, akaridhika, akampigia Zawena saluti yenye matone.

"Afande Luteni. Nimeambiwa wewe ndiye wa majina."

"Ndiye mimi, Sajini. Poleni sana."

"Tumeshapoa, tulikuwa majini." Akacheka mwenyewe, halafu akaangaza huku na huku, juu ya vichwa vya watu, kama anayemtafuta mwenyeji wake kituoni. "Kule pampu, redio ya ndani ya yule kifaru wenu anayeongea ilikuwa imebaki wazi. Tulimsikia. Hatukushika yote, mara anasema anaogopa, mara kimya. Vijana wakasema huyu haji. Nami nikawaambia, ngojeni, anayesema anaogopa ndiye anayekuja." Alifuta uso kwa ncha ya blanketi. "Na kaja kweli. Njia nzima namwambia asante kaka, ananijibu *tayari, tayari*, nadhani bado alikuwa na hofu. Sasa nataka kumshukuru ametulia. Yuko wapi?"

"Hayupo," alisema Zawena.

Sajini alimtazama, kisha akageuka kutazama kile chuma kilichosimama nyuma yake, kinatoa moshi, kikidondosha tope, taa zake zikiwa zimewaka zimetulia.

"Si huyu hapa?"

"Hiki kipo," alisema Zawena. "Yeye hayupo."